Kukaa na sedani ya familia miaka mingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye sedani ya kawaida ya petroli, milango minne na buti nyuma, anayetaka kukaa nayo miaka 10, 15 au zaidi. Maswali ni yale ambayo wenye magari huyarudia kila siku. Majibu yanayogusana yameelekezwa kwa namba.

## Mambo ya mwanzo

1. Sedani imara inaweza kufika kilomita ngapi?

Ikitunzwa, kilomita 300,000 si ajabu, na zipo zilizovuka 400,000 bila injini kufunguliwa. Familia inayotembea kilomita 15,000 kwa mwaka hufikisha 300,000 baada ya miaka 20. Maana yake mtoto aliyetoka wodini ndani ya gari hilo anaweza kuja kujifunzia udereva kwenye usukani uleule.

Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliitembeza Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 ikapelekwa kwenye makumbusho ya kampuni hiyo. Njiani injini zilibadilishwa zaidi ya mara moja, na hilo ndilo jambo la kushika hapa: injini hufunguliwa na hubadilishwa, lakini bodi ikishaoza imeoza. Ndiyo maana swali la 16, la kutu, nalipa uzito kuliko watu wengi wanavyolipa.

2. Ni nini hasa kinachoua magari haya?

Joto, kutu na kuahirisha. Ni nadra sedani nzuri kufa kwa ugonjwa mkubwa uliozuka ghafla. Mara nyingi kulikuwa na tone la maji chini ya rejeta, likaachwa miezi mitatu, kisha siku moja gari likachemka na gasketi ya silinda hedi ikaungua. Kitu kilichohitaji mpira na klipu kikaishia kwenye injini mpya.

3. Nimenunua gari lililotumika na sijui historia yake. Nianzie wapi?

Lihesabu kama halijawahi kufanyiwa sevisi hata moja. Ndani ya mwezi wa kwanza badilisha oili ya injini na filta yake, filta ya hewa, maji ya rejeta na mafuta ya breki, kisha fungua plagi uzitazame. Kama injini inatumia mkanda wa taiming (swali la 10), badilisha mkanda hata muuzaji akiapa ni mpya, isipokuwa akuonyeshe risiti.

Kisha nunua daftari la kawaida uliweke kwenye droo ya dashibodi. Kila kinachofanyika kiandikwe humo: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, gharama, aina ya oili. Daftari langu lina alama za vidole vya grisi karibu kila ukurasa, na mara mbili limenizuia kununua kitu nilichokuwa nimeshakinunua. Kichwa hudanganya. Plagi unazodhani ulizibadilisha mwaka jana, ukifungua daftari unakuta zina miaka minne.

Odometa ikikutia shaka, tazama vitu vinavyochakaa taratibu: raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Raba iliyolika mpaka chuma kinaonekana haiendani na kilomita 60,000.

## Oili, maji na vimiminika vingine

4. Nibadilishe oili ya injini kila baada ya kilomita ngapi?

Kwa anayetaka gari lidumu, kati ya kilomita 5,000 na 8,000 kwa matumizi magumu, na 10,000 kwa safari ndefu za barabara kuu ukitumia oili ya sinthetiki. Hata usipofikisha kilomita hizo, mwaka mmoja usipite.

Wengi wanajiona hawamo kwenye kundi la matumizi magumu, kumbe wamo. Soma kitabu cha gari: foleni, vumbi, joto kali na safari fupi za kilomita chache vyote vinahesabika huko. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi halipati muda wa kupata moto sawasawa, hivyo unyevu na petroli vinavyoingia kwenye oili havipati nafasi ya kufukizwa. Oili ya gari hilo huchoka kabla ya ile ya gari linalosafiri mikoani.

Uzito wa oili ni ule ulioandikwa kitabuni, mfano 0W-20 au 5W-30. Usiongeze uzito kwa sababu tu gari limezeeka. Kwenye injini yenye njia nyembamba za oili, oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi gari likiwa baridi.

5. Nimeambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Ni kweli?

Kwa mtu atakayeliuza gari baada ya miaka mitano, inatosha. Wewe unayetaka miaka 15, usikubali. Oili ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwenye joto na hubeba unga wa klachi zinapolika. Ibadilishe kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na kwa giaboksi za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida) mapema zaidi, kati ya 40,000 na 60,000.

Aina ya oili hapa si jambo la kubahatisha. Oili ya CVT imetengenezwa ili mkanda wa chuma usiteleze. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida humo, giaboksi inaweza kufa ndani ya muda mfupi. Simama pale fundi anapofungua kopo, usome jina mwenyewe. Fundi mzuri haoni vibaya.

6. Gari lina kilomita 180,000 na oili ya giaboksi haijawahi kuguswa. Wengine wanasema nikiigusa sasa nitaiua.

Hofu hii ina chanzo chake. Mtu hupeleka giaboksi ambayo tayari inateleza, oili inabadilishwa, wiki mbili baadaye inakufa, na oili mpya inalaumiwa. Ilikuwa imeshakufa.

Kama gia zinaingia vizuri, mwaga iliyomo kwa kufungua nati ya chini, jaza kiasi kilekile, tembea kilomita elfu moja hivi, kisha rudia mara moja au mbili. Usisukume kwa mashine ya presha, kwa sababu inaweza kuhamisha uchafu uliokuwa umetulia. Kama gia zinachelewa kuingia na oili inanuka kuungua, tafuta fundi wa giaboksi kabla ya kununua oili.

7. Naweza kutumia maji ya kawaida kwenye rejeta?

Kwa dharura ya kufika nyumbani, ndiyo. Kwa matumizi ya kila siku, hapana. Kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ina dawa ya kuzuia kutu na huchemka kwenye joto la juu kuliko maji. Maji ya bomba huacha magadi kwenye vijia vyembamba vya rejeta, hula alumini na kumaliza pampu ya maji.

Rangi ya kulanti si kipimo, maana hakuna kanuni ya pamoja ya rangi kati ya watengenezaji. Fuata aina iliyoandikwa kitabuni. Pia jenga tabia ya kutazama tangi la plastiki la juu ya rejeta. Likiwa jipya ni jeusi. Likianza kugeuka kahawia, plastiki imeanza kukauka na itapasuka siku ya joto na mzigo. Na ukiona ukoko wa waridi au kijani uliokauka pembeni ya pampu ya maji, hapo panavuja hata kama chini hakuna tone: kulanti inatoka kidogo, inakaukia kwenye chuma, inabaki rangi.

8. Sindano ya joto imepanda na niko barabarani. Nifanye nini?

Simama. Usijiambie kwamba imebaki kilomita moja tu. Silinda hedi za alumini hupinda kwa kilomita hiyo moja. Zima eakondisheni, fungua hita hadi mwisho ivute joto kutoka kwenye injini wakati unatafuta pa kuegesha, kisha zima gari.

Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yaliyomo yako chini ya presha, na ukifungua yanageuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza, kisha ongeza maji taratibu. Maji ya baridi sana kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua.

9. Mafuta ya breki hayapungui. Kwa nini niyabadilishe?

Kwa sababu yanavuta unyevu kutoka hewani. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi; ikishaingia maji kwa kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, mafuta ya namna hiyo yanaweza kutoa mvuke na pedali ikazama hadi chini. Badilisha kila miaka miwili.

## Injini

10. Nitajuaje kama injini yangu ni ya mkanda au cheni, na kuna tofauti gani?

Kitabu cha gari kinasema, na fundi akisoma namba ya injini atajua. Mkanda ni wa mpira na una muda wake, kwa kawaida mahali fulani kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na una ukomo wa miaka pia. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu, na hapo injini imekwisha. Ukiubadilisha, badilisha na tensheni (kikaza mkanda) na pampu ya maji kwa wakati mmoja ikiwa pampu inaendeshwa na mkanda huo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, ila uhai wake ni oili safi. Mlio wa kukwaruza wa sekunde chache unapowasha asubuhi, kisha unapotea, ni cheni inayoanza kulegea au tensheni yake.

11. Gari langu linakula oili. Injini imeisha?

Si lazima. Wapo watengenezaji wanaohesabu lita moja kwa kilomita 1,500 hadi 2,000 kuwa bado ni kawaida, ingawa binafsi ningeanza kuchunguza mapema zaidi ya hapo. Kwanza hakikisha haivuji: kava ya valvu na sili ya mbele na nyuma ya injini. Kisha angalia valvu ya PCV, inayopitisha mvuke wa ndani ya injini urudi kuchomwa, kipande kidogo cha bei nafuu ambacho kikiziba husukuma oili kwenda kuungua. Baada ya hapo ndipo uwaze ringi za pistoni.

Moshi wa bluu unapowasha gari lililolala usiku huelekeza kwenye sili za valvu. Moshi wa bluu unapokanyaga mafuta ukipanda kilima huelekeza kwenye ringi.

Injini inayokula oili huuawa na mwenyewe anayesubiri sevisi. Vuta dipstiki kila Jumamosi: gari likiwa tambarare, injini imezimwa dakika chache, futa kwa kitambaa, rudisha, vuta tena usome. Taa nyekundu ya oili isiwe kipimo chako. Hiyo inawaka presha ikiwa imeshashuka, na kila sekunde injini inayoendelea kuzunguka ni chuma kwa chuma.

12. Taa ya injini imewaka. Nisimame?

Ikiwaka tuli na gari linakwenda kawaida, endelea na safari, ila lipimwe siku chache zijazo. Ikipepesa, punguza mwendo na usimame mapema. Kupepesa ni dalili kwamba silinda inakosa kuchoma, na petroli mbichi inaingia kwenye katalaiti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) na kuiyeyusha kwa joto.

Kifaa cha kusoma kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari) hakigharimu sana, na magari mengi yaliyotengenezwa baada ya miaka ya 2000 kuanza yana soketi yake chini ya dashibodi. Kumbuka kwamba kodi hutaja dalili, haitaji kipande cha kununua. P0171 inasema mchanganyiko una petroli pungufu. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, na wengi wamenunua sensa mpya bure.

13. Petroli ya oktani ya juu husafisha au kuimarisha injini?

Hapana, kama kitabu hakiidai. Oktani ni uwezo wa petroli kutojilipukia kabla ya wakati. Pesa ya ziada ipeleke kwenye oili.

## Chini ya gari na bodi

14. Gari linagonga chini kwenye mashimo. Fundi anataka kubadilisha shokapu zote nne.

Mwombe akuonyeshe kwanza. Mlio mdogo wa "tok tok" kwenye barabara ya mawe mara nyingi ni linki za stebilaiza, kitu cha bei ndogo kuliko vyote huko chini. Mlio mzito unapofunga breki ni bushi za mikono ya chini ya saspensheni. "Tak tak tak" unapokata kona kali ni siivii jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu.

Siivii jointi huwa na onyo la mapema. Inama utazame ndani ya gurudumu la mbele. Ukiona grisi nyeusi imerushwa kwa mstari kuzunguka upande wa ndani wa rimu, mpira wa kufunika jointi umepasuka. Wiki hiyo ni mpira na klipu mbili. Baada ya mchanga kuingia, ni shafti nzima.

Shokapu zilizoisha hazigongi tu. Gari hupepea baada ya tuta na halitulii, na tairi hulika kwa mabonde. Zikibadilishwa, zibadilishwe kwa jozi.

15. Matairi yangu yana kashata (michoro ya kushika barabara) nzuri. Kwa nini niambiwe yamezeeka?

Mpira huzeeka hata ukisimama. Pembeni ya tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakivuka miaka mitano au sita yakaguliwe kila mwaka, na miaka 10 yasivuke hata yakionekana mapya. Kikomo cha kina cha kashata katika nchi nyingi ni milimita 1.6, ila kwenye mvua tairi huanza kupoteza mshiko kabla ya hapo. Tairi la akiba nalo lina tarehe yake.

Presha ipimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ile iliyochapwa kwenye tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe.

16. Nizuieje kutu?

Anza na matundu ya kutolea maji. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo. Vikizibwa na udongo, maji yanabaki ndani na mlango unaozea ndani huku rangi ya nje inang'aa. Chini ya kioo cha mbele, pale wapa zinapolala, majani huoza na kuziba njia ya maji. Toa majani hayo kwa mkono kila unapoosha gari.

Osha chini pia, hasa ukiishi karibu na bahari au panapomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Na zulia likiwa na unyevu usioeleweka, linyanyue siku hiyohiyo. Nimewahi kunyanyua zulia la gari lililosifiwa kwa usafi nikakuta sakafu inayomenyeka kama maganda ya kitunguu. Mwenye gari aliishika ile sahani ya kutu mkononi akanyamaza.

Kutu ya juu kwenye bawa (madigadi) ni ya rangi tu. Kutu kwenye sakafu, kwenye vizingiti vya chini ya milango au panapofungwa saspensheni ni ya usalama, na inahusu swali la 18.

## Pesa, usalama na hali za pekee

17. Spea halisi au za kampuni nyingine?

Inategemea kipande. Mkanda wa taiming, pampu ya maji, termostati, sensa na sili za injini: chukua halisi, au za kampuni inayomtengenezea spea mtengenezaji wa gari. Kwa pedi za breki, filta, bushi na balbu, kampuni nyingine nzuri zinatosha. Spea ya mtumba yenye mpira, kama maunti ya injini, siishauri, kwa kuwa mpira wake una umri sawa na ule wa gari lako.

18. Matengenezo yanakaribia nusu ya thamani ya gari. Nitengeneze au niuze?

Thamani ya sokoni si kipimo sahihi, kwa sababu hununui gari lako mwenyewe. Linganisha na gharama ya mwaka mmoja ya gari litakaloshika nafasi yake: thamani itakayopotea, riba kama umekopa, bima kubwa zaidi, pamoja na sevisi yote ya swali la 3. Kisha jumlisha kutoka kwenye daftari ulichotumia kwa miezi 12 iliyopita. Mara nyingi namba hiyo hushangaza kwa udogo wake. Isitoshe, magonjwa ya gari hili unayajua. Ya lile jingine utayajulia njiani.

Kuna hali tatu ambazo ningeachia. Kutu iliyofika kwenye nguzo za bodi. Injini na giaboksi kuhitaji kazi kubwa mwaka mmoja. Na familia kupoteza imani na gari, yaani mzazi anapoogopa kulitumia usiku na watoto ndani. Hilo la tatu halimo kwenye hesabu, lakini nalihesabu.

19. Gari la zamani bado ni salama kwa familia?

Lenye breki, matairi na mikanda mizima, linaweza kuwa. Kagua mambo mawili. Taa ya eabegi (mfuko wa hewa) iwake unapofungua swichi kisha izime; isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa kuficha tatizo.

La pili ni mwito wa kurudisha magari yenye eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyozitengeneza, uliohusu makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi duniani. Kilipuzi chake cha amonia naitreti huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na eabegi inapofunguka inaweza kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Angalia namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani huwa na namba fupi badala ya ile ya herufi na tarakimu 17, hivyo tumia ukurasa wa Kijapani wa kampuni husika. Marekebisho kwa kawaida ni bure.

20. Gari litakaa miezi mitatu bila kuendeshwa. Nifanyeje?

Jaza tangi, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, chomoa waya hasi wa betri, na uliache bila handibreki likiwa na vizuizi magurudumuni. Kumwomba mtu aliwashe dakika tano kila wiki ni kuliumiza, kwa sababu ileile ya safari fupi (swali la 4). Akiweza, aliendeshe nusu saa.

Ukirudi betri ikiwa dhaifu, pima kabla ya kununua: iliyojaa na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.7. Chini ya hapo, mkosaji anaweza kuwa altaneta, mashine inayochaji betri.

21. Sedani ya haibridi (ya petroli na umeme) nayo hudumu?

Hudumu, na ushauri wa injini ni uleule. Cha ziada ni feni ya kupoza betri kubwa, ambayo kwenye magari mengi huvuta hewa karibu na kiti cha nyuma. Kifilta chake hujaa vumbi na nyuzi za nguo, betri ikapata joto na kuzeeka mapema. Kisafishe kila unapobadilisha oili, na usiegemeze mabegi ya watoto kwenye tundu hilo.

22. Siku nikiliuza, nimpe mnunuzi nini zaidi ya funguo?

Mpe daftari la swali la 3, funguo zote mbili, na kitabu cha gari. Mwambie lini mkanda au oili ya giaboksi itahitajika tena, na onyesha linapovuja kama linavuja. Kisha mwoneshe ile tabia ndogo ambayo ni wewe tu unaijua: mlango wa nyuma wa kushoto unataka kusukumwa kidogo ndipo ufunge, na mlio wa sekunde mbili wa pampu ya petroli unapofungua swichi umekuwepo miaka yote.